Mama Yuko Kazini

Kila asubuhi, swala ya alfajiri ikishaswaliwa na chai ya maziwa ikishanywewa, Mumina alikuwa akifungua diari yake juu ya kigoda na kuchonga penseli. Diari yenyewe ilikuwa kubwa, ya jalada gumu, yenye ukurasa mmoja kwa kila siku. Walioichapisha walikuwa wamepanga saa pembeni mwa ukurasa, lakini Mumina hakuwa na haja na saa zao. Aliugawa ukurasa kwa mistari yake mwenyewe kufuata swala: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya alasiri. Hivyo ndivyo siku inavyokwenda Bulla Pesa, mtaa wa mji wa Isiolo, na hakuna anayehitaji kutazama ukutani ili ajue kwamba adhuhuri imefika.

Jumatatu hiyo ya likizo ya Agosti, binti yake Hibo, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akiosha vikombe mlango ulipogongwa. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Alikuwa Fahmo, jirani yao katika ploti ile ya vyumba vya kupanga, ambaye wote walimwita Mama Ikra. Mgongoni alikuwa amembeba huyo Ikra mwenyewe, mtoto mdogo mwenye kilio cha kung'oa mabati.

"Salaam aleikum, Mama Hibo. Nishikie huyu kidogo nifike sokoni," akasema, na tayari alikuwa anafungua leso. "Si wewe uko nyumbani tu?"

Uko nyumbani tu. Maneno hayo yalimpanda Hibo kichwani. Akamtazama mama yake kwa jicho la kumsihi akatae, angalau leo tu. Mumina akatabasamu, akampokea mtoto, na Mama Ikra alipotoka akachukua kifutio. Akafuta mahali palipoandikwa "kuchapa" akaandika "Ikra" kwa kalamu ya wino.

Tuseme ukweli hapa, maana ukweli wenyewe unaudhi. Mumina alikuwa na kazi. Ilikuwa kazi kamili kama ya mwalimu au ya karani, ila haikuwa na geti wala askari wa kumzuia anayeingia. Shirika moja lilikuwa limewarekodi wafugaji wakieleza kwa Kiborana jinsi wanavyogawana maji ya visima wakati wa kiangazi. Mumina alisikiliza sauti hizo kwenye kompyuta, akazichapa kwa Kiswahili, kisha akazituma kwa Bi Nakolong, msimamizi wake. Kwa sababu aliifanya akiwa ameketi kwenye mkeka wake, nusu ya ploti iliamini kwamba anajiburudisha.

Kabla ya hapo alikuwa akipika katika hoteli moja Nairobi, na Hibo aliishi kwa shangazi yake. Mama alikuja Idi, akalala siku chache, akaondoka. Miaka yote hiyo Hibo alikuwa na mama wa kwenye simu. Sasa alikuwa na mama wa kumkemea asubuhi na kumsuka nywele jioni, na hakuwa tayari kumrudisha Nairobi kwa sababu ya soko la Mama Ikra.

"Mama, mbona kazi yako unaiandika kwa penseli na shida za watu unaziandika kwa wino?" aliuliza siku hiyo, Ikra akimlilia sikioni.

"Kazi yangu naweza kuisogeza. Watu hawasogezwi."

"Kwa hiyo unasogeza mpaka lini?"

"Hibo, chunga mdomo wako," Mumina akasema. "Hawa ni majirani. Tukiugua, ni nani atakayetukimbilia? Nitamwambiaje mtu kwamba sina nafasi, na ananiona nimeketi?"

Hibo akamhamishia Ikra bega la pili. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mama yake alikuwa amechelea ploti nzima.

Alasiri Bi Nakolong alipiga simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo hata salamu aliifupisha. Sauti za wafugaji wa kijiji cha Sericho zilikuwa zimechelewa mno. Zisipofika Ijumaa kabla ya swala ya adhuhuri, zingepewa mtu mwingine, pamoja na kazi zote zitakazofuata.

"Nimeelewa," Mumina akajibu. "Tatizo ni sauti ya yule mpanga zamu wa kisimani. Upepo na ng'ombe vimefunika maneno. Kuna sehemu sisikii kitu, na siwezi kubuni."

"Nilijua utasema hivyo. Mzee Waqo mwenyewe anakuja mjini Jumatano kwa shughuli zake. Nimemwomba apitie kwako karibu na adhuhuri akueleze sehemu hizo. Usimkose, Mumina. Mtandao wa kwao unajulikana, na akipanda lori kurudi hatutampata tena kabla ya Ijumaa."

Mumina akashukuru, akafungua ukurasa wa Jumatano na kuandika: "Mzee Waqo, Sericho." Aliandika kwa penseli. Kwake yeye Mzee Waqo alikuwa sehemu ya kazi, na kazi ilikuwa ya penseli.

Jumanne jioni Mama Ikra alirudi, mara hii bila mtoto. Dada yake alikuwa na akika ya mtoto wake mchanga, na yeye alikuwa amepewa sambusa azikaange. Jiko lake lilikuwa dogo. Je, si angekuja kukaangia kwa Mama Hibo kesho mchana, wasaidiane kukunja?

Hibo alikuwa ndani ya chumba akiwasikia. Alingoja mama aseme neno moja tu, kesho nina kazi. Badala yake alisikia, "Karibu, Mama Ikra, hakuna neno," na baadaye kidogo akasikia kifutio kikisugua karatasi. Mumina alikuwa amepanga kumpigia mzee simu amwombe aje alasiri. Alimpigia na hakupatikana, kwa kuwa mzee alikuwa juu ya lori nyikani. Akasema atampigia tena asubuhi. Asubuhi ikaja na mambo yake, na simu haikupigwa.

Hibo aliamka Jumatano akiwa na hasira iliyolala naye. Akaapa moyoni kwamba leo hakuna mguu utakaovuka kizingiti. Mama yake alipovaa spika za masikioni na kujifungia chumba cha ndani, yeye alichukua kigoda na diari, akaketi mlangoni kama askari wa benki.

Wa kwanza alikuwa msichana wa jirani, aliyetumwa kuazima sufuria. "Mama hayupo," Hibo akamwambia. Msichana akaondoka. Ilikuwa rahisi hivyo, na Hibo akashangaa kwa nini hawakuwahi kulifanya jambo hili tangu zamani. Kisha akaja Mama Ikra mwenyewe, amebeba beseni la unga na furushi la nyama ya kusaga.

"Mama hayupo."

"Hayupo vipi? Tulipatana jana."

"Ameenda mtaa wa Kiwanjani. Aliitwa ghafla."

Mama Ikra akasimama pale, beseni kiunoni, akafyonya, akarudi kwake. Hibo alimtazama akienda na akajisikia vizuri mno. Ndani vidole vya mama vilikuwa vikigonga kompyuta bila kukatizwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumba ile mchana.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia mzee mmoja aliposimama mbele yake. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka kiunoni, na vumbi la njia lilikuwa limemfika hadi kwenye nyusi. Alitoa salamu, Hibo akaitikia bila kuinuka.

"Hapa ni kwa Mumina?"

Hibo akatazama ukurasa. Jina la mgeni yeyote halikuwepo, palikuwa na sambusa tu. Akawaza kwamba huyu naye amekuja kusomewa barua au kuandikiwa ombi, kama wengine waliokuja wiki iliyopita. Hakumuuliza jina wala atokako.

"Hayupo. Ameenda Kiwanjani."

"Kiwanjani sehemu gani?"

"Karibu na msikiti," Hibo akasema, maana uongo ukishaanza hauna breki.

Mzee akajipangusa vumbi usoni. Jua lilikuwa kali na midomo yake ilikuwa imekauka. Kisha akageuka na kwenda zake. Hibo hakumpa hata kikombe cha maji, na kwa Isiolo hilo si jambo dogo.

Mumina alitoka baada ya kuswali, uso umechangamka. "Leo nimefanya kazi, wallahi. Hakuna aliyekuja?"

"Watu wawili watatu. Niliwaambia hupo, umeenda Kiwanjani."

"Uliwaambia nini?" Uchangamfu ukamtoka. "Na Mzee Waqo? Mzee mrefu kutoka Sericho, hakufika?"

Hibo akaikumbuka ile shuka yenye vumbi. Kabla hajafungua kinywa simu ya mama ikaita. Sauti ya Bi Nakolong ilisikika mpaka mlangoni.

"Mumina, umenifanyia nini? Mzee amenipigia kwa simu ya muuza duka huko Kiwanjani. Anazunguka nyumba hadi nyumba akikuuliza na hakuna anayekujua. Amesema anaswali alasiri hapo, halafu anapanda lori la jioni. Amekasirika sana, na mimi sina la kumwambia."

Kama kwamba hayo hayakutosha, Mama Ikra alikuwa ameisikia sauti ya Mumina uani. Akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Kumbe uko. Mimi natoka jasho kwenye jiko langu dogo, na wewe umejificha ndani, umemweka mtoto mlangoni anidanganye. Ungesema tu hutaki, Mama Hibo. Mimi ni mtu mzima."

"Sikumtuma," Mumina akasema. Akamgeukia binti yake. "Hibo, nani amekufundisha uongo? Katika nyumba hii, nani amekufundisha? Umemfukuza mgeni mlangoni kwangu, mzee wa watu, kwenye jua la Agosti?"

"Na wewe ulimfuta," Hibo akasema, machozi yakimtoka. Sauti yake ilipanda mpaka majirani wakachungulia. "Nilitazama diari na jina lake halikuwepo. Ulimfuta ukaandika sambusa. Kila siku unajifuta, kila siku, na ukifukuzwa kazi utarudi Nairobi, na hawa wote watabaki hapa wakikaanga sambusa zao. Mimi ndiye nitakayeachwa."

Mumina aliichukua diari, akautazama ukurasa. Chini ya maandishi ya wino palionekana alama hafifu ya penseli, jina la mzee limesuguliwa likabaki kivuli. Mama Ikra alitazama unga kwenye mikono yake.

"Kosa langu nimeliona," Mumina akasema mwishowe, kwa sauti ya chini lakini bado kali. "Nitashughulika nalo. La kwako pia lipo, na halifutiki kwa langu. Ulimi uliompeleka Mzee Waqo Kiwanjani ndio utakaomrudisha. Nenda. Na ukifika usimpe visingizio."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini kwa Hibo siku hiyo ilikuwa ndefu. Alitembea akiwa amemkasirikia kila mtu. Alimkasirikia Mama Ikra, akamkasirikia mama yake, akamkasirikia hata Mzee Waqo kwa kutosema jina lake. Alipoyaona mabati ya msikiti wa Kiwanjani hasira ilikuwa imebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwangukia, na huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha duka, viatu amevivua, anajipangusa miguu. Alimtambua mara moja.

"Wewe ni yule mtoto wa mlangoni."

"Ndiyo, mzee. Naitwa Hibo. Mama hakuwa Kiwanjani. Alikuwa ndani. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

Hibo alitaka kusema ni kwa ajili ya kazi ya mama, kwa ajili ya majirani, kwa ajili ya diari. Akakumbuka alivyoagizwa. "Nilidanganya tu, mzee. Nisamehe."

Mzee Waqo hakuwa mmoja wa wazee wanaosamehe haraka ili wasifiwe. Alimkemea pale pale, muuza duka akisikia na wateja wakisikia. Alimwambia kwamba jua halikumuudhi, kwani amezaliwa nalo. Kutembea hakukumuudhi, kwani miguu ni yake. Kilichomuudhi ni kwamba amesimama kwenye mlango wa Mborana mwenzake na hakuna aliyemuuliza kama ana kiu. "Hata kwetu, mahali ambapo maji ni taabu, mtu hapiti mlangoni namna hiyo," akasema. "Mwambie mama yako mimi narudi nyumbani."

"Siwezi kumwambia hivyo," Hibo akajibu. Akaingia dukani, akaomba maji, akamletea kwa mikono miwili. Kisha akaketi chini, mbali kidogo. "Nitakungoja mpaka uswali. Ukipanda lori nitamwambia mama ukweli, kwamba ni mimi niliyekukosesha. Atapoteza kazi, lakini sitamwambia uongo mwingine."

Mzee akanywa maji yote. Alasiri ikaadhiniwa, akaingia kuswali. Alipotoka alimkuta pale pale. Alivaa viatu taratibu, akanung'unika kitu kwa Kiborana ambacho Hibo aliona ni bora asikielewe.

"Tangulia mbele," akasema. "Na usitembee haraka."

Nyumbani alipokelewa kwa maji ya kunawa, chai nzito na chapati. Mumina alimwomba radhi akiwa amesimama, na hakumtaja mtoto. Mzee hakutaka maneno marefu. Alitaka kuona mahali jina lake lilipokuwa limeandikwa.

Mumina akamwonyesha. Mzee akausogeza ukurasa karibu na macho.

"Hapa pameandikwa nini sasa?"

"Sambusa, mzee."

"Kwa hiyo nimefutwa kwa ajili ya sambusa. Zilikuwa tamu?"

Mama Ikra alikuwa amekuja kwa aibu na sahani mkononi. "Ziko hapa, mzee. Nimezikaanga kwangu, kwenye jiko dogo."

"Kumbe jiko dogo linakaanga," mzee akasema, akachukua moja.

Wakaanza kazi. Sauti yake ilitoka kwenye kompyuta ikiwa imechanganyika na upepo na milio ya ng'ombe, na kila ilipozama yeye aliirudia wazi. Katika rekodi alikuwa akimgombeza mtu kisimani, na hasira yake ya wakati ule ilimrudia usoni alipoieleza.

"Nilikuwa namwambia hivi. Mgeni hanyimwi maji, lakini kila mmoja ana zamu yake. Na mwenye kisima naye ana zamu. Akiona haya na kuwapisha wote mpaka jua litue, ng'ombe wake watakufa kwa kiu kando ya maji yake mwenyewe. Na atakapofilisika, nani atakayesafisha kisima? Hao aliowapisha pia watakosa."

Mumina hakuichapa sentensi hiyo mara moja. Mikono yake ilibaki juu ya kompyuta. Hibo alimtazama, na Mama Ikra naye akaacha kutafuna.

"Mbona huandiki?" mzee akauliza kwa ukali. "Nimekuja kuandikwa, sikuja kutazamwa."

Mumina akaandika. Kabla ya magharibi walikuwa wamemaliza sehemu zote zilizokuwa zimefunikwa, na Mzee Waqo akaenda zake kulala kwa ndugu yake, bado ananung'unika kuhusu lori lililomwacha.

Alhamisi asubuhi Mumina alifungua diari. Penseli hakuigusa. Kwa kalamu ya wino akaandika kazi yake kwanza, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, leo na kesho na wiki iliyofuata. Baada ya alasiri akaacha nafasi pana, akaandika "majirani". Ijumaa, kabla ya watu kwenda msikitini, sauti za Sericho zilikuwa zimemfikia Bi Nakolong. Akajibu kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba kazi ni safi na nyingine iko njiani.

Jumatatu mlango uligongwa. Hibo alimkuta Mama Ikra na leso mgongoni.

"Mama yako yuko?"

Uongo ulikuwa karibu sana na ulimi, kwa sababu ulikuwa rahisi. "Yuko," Hibo akasema. "Yuko kazini. Karibu ndani unywe maji. Ukimtaka mwenyewe, atatoka baada ya alasiri."

Mama Ikra aliutazama mlango wa chumba cha ndani. Alisikia vidole vikigonga na akangoja kidogo, pengine Mumina atamsikia na kutoka kama siku zote. Hakutoka. Mama Ikra akakaza leso, akageuka, akaondoka amenuna bila kuaga.

Hibo hakupata raha mpaka adhuhuri. Mama alipotoka akamwambia yote. "Amekasirika, Mama. Labda hatarudi tena."

Mumina akaketi karibu naye. "Mwache akasirike. Hata wewe ulikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nilichelewa kukusikia. Mtu anayeona haya kusema ana kazi hana haki ya kulalamika kazi yake ikichezewa. Kosa lako halikuwa hasira, Hibo. Ulitaka kunilinda kwa kunificha, na anayefichwa ni mtu aliyetenda la aibu. Mimi sijaiba, nafanya kazi. Ukimwambia mtu ukweli atakasirika leo, kesho atarudi na atakuamini. Ukimwambia uongo, hata akirudi akicheka, hatakuamini tena siku unayosema kweli."

Alasiri ilipokwisha kuswaliwa, Mama Ikra alirudi. Hakuomba radhi na hakuombwa. Alimweka Ikra kwenye mkeka, akapokea chai, na baada ya kuinywa nusu akauliza kama kazi hiyo ya kuchapa inafundishika, maana na yeye Kiborana anakijua.

"Inafundishika," Mumina akasema. "Njoo kesho wakati kama huu. Nitakuandika kwenye diari."